Kiti cha Papa Philémon

Sehemu ya sita

Juma lililopita tulimuacha Zagabe mbele ya mulango wa redio, kule Muhumba, ameshika gitaa yake kwa shingo kama mutu anayeshika shoka. Sababu munaikumbuka. Adalbert, ule fundi wa kuhukumu nyimbo za wengine, alikuwa amesema hewani kwamba albamu ya Zagabe ni "muziki ya mutu anayeumwa tumbo." Basi mulango ukafunguka. Adalbert akatoka. Gitaa ikapanda juu.

Na haikushuka.

Haikushuka kwa sababu Adalbert alifungua mikono miwili, akakimbia, akamukumbatia Zagabe mupaka kofia yake ikaanguka chini.

— Maître! Maître yangu! Niko nakutafuta tangu asubui!

Zagabe akabaki na gitaa juu ya kichwa cha mutu anayemukumbatia. Si rahisi kupiga mutu namna ile. Jaribuni mutaona.

— Unanitafuta ya nini? Matusi haikutosha?

— Matusi gani tena? Ile ilikuwa utangulizi! Maître, ju ya nini ulinificha?

— Nilikuficha nini?

Adalbert akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akashusha sauti.

— Philémon.

Zagabe akajitoa katika ile mikono, akarudi nyuma hatua moja.

Albamu ya Zagabe inaitwa Tope. Iko na nyimbo tisa. Alizirekodi kule Kasha, katika studio yenye magodoro kwenye kuta, na grupe, ile jenereta ya umeme, ikikoroma inje. Ni bluzi, ile muziki ya weusi wa Amerika: gitaa inalia polepole, mutu mumoja analalamika, hakuna anayecheza. Zagabe anapiga vile miaka makumi tatu, katika muji ambao watu wanataka kutikisa kiuno. Na katika nyimbo zote tisa kuna jina moja tu analoita. Linakuja katika wimbo ya mwisho, mara saba: Philémon.

Philémon alikuwa mudogo wake wa tumbo moja. Alienda kuchimba zahabu upande wa Mwenga, shimo likaanguka, na mupaka leo hakuna aliyemurudisha. Miaka kumi na moja.

— Adalbert, sikiliza. Philémon ni...

— Usiniambie! Boss wa kweli hapendi jina yake izunguke ovyo. Mimi nilijigundulia peke yangu, juzi, wakati nilisikiliza wimbo ya tisa.

— Juzi? Na ile hukumu ulitoa juma lililopita?

— Juma lililopita nilifika kwa wimbo ya tatu. Umeme ikakatika.

Hapa kwetu, ninyi wenyewe munajua, hakuna anayetajwa katika wimbo bure. Mwimbaji anatupa libanga: katikati ya wimbo anaita jina la tajiri fulani, na tajiri akisikia jina lake moyo unalainika na mukono unafunguka. Basi Adalbert akafikiri hivi: jina moja, mara saba, na hakuna mwingine hata mumoja! Huyu Philémon amejichukulia albamu nzima peke yake! Kwamba mutu anaweza kuita jina kwa sababu alimupenda mwenye jina, hiyo haikupata nafasi ya kuingia katika kichwa cha Adalbert. Kichwa kilikuwa kimejaa.

— Siku ya Mungu, baada ya misa, salle kubwa ya mikutano ya parokia ni yako, Maître. Nimekwisha kuongea na Padri. Muji wote utakuya. Na mbele kabisa tutaweka kiti ya Papa Philémon.

Zagabe alifungua kinywa aseme: Philémon amekufa. Maneno mawili tu. Kinywa kikabaki wazi, na ndani yake yakapita yale makumi tatu ya miaka: viti vitupu, wapishi wa arusi wanaomwambia apunguze sauti, bwana-arusi anayeuliza kama hajui wimbo ya furaha. Muji wote utakuja, Adalbert alisema.

Akafunga kinywa.

Sisi tunaomupenda Zagabe tutasema nini? Tuseme kweli. Alinyamaza.

Kesho yake, saa nane ya muchana, Adalbert akapanda hewani na sauti ya mutu aliyetoka kuungama.

"Wasikilizaji wapendwa, kuna kazi ambazo masikio madogo hayawezi kuzipokea mara ya kwanza. Tope ni mojawapo. Sikilizeni kile kikohozi katika wimbo ya ine. Ni kikohozi chenye falsafa. Sikilizeni ile sauti ya chini inayotembea toka mwanzo mupaka mwisho. Ni besi ambayo Afrika ilikuwa inaingojea."

Juma lililopita, juu ya kikohozi kilekile, alikuwa ameuliza kama katika studio ile hakuna sirop. Na ile besi ya Afrika ilikuwa ni grupe. Juma lililopita aliiita mashine ya kusaga muhogo.

Wengine wakamufuata mbio. Redio ya pili ikasema wao walijua tangu zamani. Profesa mumoja akaandika kwamba alilia toka wimbo ya kwanza mupaka ya tisa, akataja hata saa aliyopangusa machozi. Zagabe alisoma karatasi ile mara mbili. Flash aliyomupa profesa yule haikuwa na kitu ndani. Fundi wa studio alisahau kuweka nyimbo.

Na sasa wote wakaanza kumutafuta Philémon.

Kwaya moja ikamwandikia barua awe parrain wao, mutu wa kuwalipia. Timu ya mupira wa Bagira ikamuomba maillots za kuchezea. Mama mumoja akapita nyumba kwa nyumba Muhumba, kule wanakaa matajiri, na picha ya binti yake katika bahasha. Walisema Papa Philémon ni munene. Hapana, walisema ni mwembamba lakini anakula sana. Yuko Kampala, anarudi siku ya tano. Adalbert hakukubali kubaki nyuma. Akasema hewani kwamba amekula naye nyama ya mbuzi, mezani, jicho kwa jicho, na kwamba Papa Philémon ni mutu munyenyekevu sana.

Katikati ya vile vituko, Domitille akafika Kasha, kwa Zagabe. Ni yeye bibi ya Philémon, aliyebaki mujane. Anauza sambaza kwenye soko, na siku ile alikuja na beseni yake kichwani bila kuuza hata rundo moja. Akaishusha mbele ya miguu ya Zagabe, samaki wadogo wakaruka.

— Shemegi, nasikia bwana yangu amekuwa tajiri.

— Domitille, keti kwanza.

— Siketi. Ku soko mama mumoja ananiuliza kama najua fasi Papa Philémon anakaa. Nimujibu nini? Nimwambie anakaa chini ya kilima, ashuke na pawa ya kuchimba?

— Ni Adalbert njo alianza ile mambo.

— Na wewe ulisema nini?

Zagabe akaanza kukaza kamba ya gitaa ambayo haikulegea.

— Nauliza, wewe ulisema nini?

— Sikusema kitu.

— Ahaa.

Domitille ni mutu wa sauti ndogo. Ndiyo maana watu wanamuogopa.

— Bwana yangu alitoka ku nyumba na vidole vyake vyote kumi, vile virefu vya gitaa. Sikupata hata moja ya kuzika. Naenda kwa Padri aniondolee kilio, ananiambia, twende kwa kaburi tubariki. Kaburi gani? Ni wewe uliniambia: Domitille, mimi nitamufanyia kaburi na gitaa. Nikakubali. Ile wimbo njo kaburi yake, Zagabe. Sasa umeacha batu baweke mutu mwingine ndani.

— Adalbert njo...

— Adalbert alichimba. Wewe ulishika taa.

Zagabe hakuwa na pa kuweka macho. Aliangalia sambaza. Sambaza wakamuangalia.

— Siku ya Mungu, mbele ya kupiga hata nota moja, nitashika mikro nitasema kweli. Naapa kwa mama.

— Sawa. Ukinyamaza tena, mimi sitanyamaza. Unanijua.

Alimujua. Domitille akabeba beseni yake akaenda. Na Zagabe usiku ule hakupiga gitaa. Aliogopa ingemuuliza kitu.

Siku ya Mungu, baada ya misa ya pili, salle ikajaa mupaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mbele kabisa waliweka fotei, kile kiti kikubwa cha wageni cha nyumba ya Padri, na kitambaa cheupe cha kufuma juu yake, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: PAPA PHILÉMON. Fotei ilikuwa tupu. Watu walikuwa wanaisalimia. Sitanii! Baba mumoja alipita akaiinamishia kichwa.

Domitille alikaa mustari wa tatu, beseni ya sambaza mbele ya miguu, katika maputa yake, vitenge vyeusi vya kilio vilivyochakaa.

Adalbert akapanda, akasema robo saa, akajitaja mara nyingi kupita Zagabe. Kisha akamupa mikro.

Zagabe akamuona Domitille.

— Wababa na wamama, asante kwa kukuya. Mbele ya kupiga, iko neno moja inabidi niseme. Ule Philémon munasikia katika wimbo, ule Philémon ni...

Honi! Inje gari ililia mara tatu. Mulango wa salle ukafunguka, na ndani akaingia mutu wa koti ya bluu, miwani nyeusi, saa ya mukononi kubwa kama kifuniko cha sufuria. Nyuma yake bibi yake, Georgette, naye na miwani nyeusi.

Hakuna asiyemujua. Boss Ulrich, mununuzi wa zahabu, yule mwenye picha yake kwenye kalenda za mwaka mupya, mwenye magari yanayoenda Mwenga na kurudi. Lakini tangu lini Boss Ulrich anapenda bluzi?

Hakungoja kuonyeshwa kiti. Akaenda mupaka kwenye fotei, akakaa, akapandisha muguu mumoja juu ya mwingine.

Vichwa vyote vikageukia fotei.

— Munashangaa nini? — akasema. — Munanijua Ulrich, Ulrich. Philémon njo jina yangu ya batisimu. Nilikataa kujionyesha, ju mimi ni mutu munyenyekevu.

— Nilisema! — Adalbert akapiga kelele. — Si nilisema ni munyenyekevu?

Makofi! Vigelegele! Kwaya ikasimama yote. Baba aliyeinamia fotei akaangalia majirani zake kwa kiburi kama nabii.

Zagabe bado alikuwa na mikro mukononi. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa anasema kitu.

— Haya, musanii! — Boss Ulrich akapiga vidole. — Piga wimbo yangu.

Wimbo yangu.

Zagabe alitaka kusema. Mikro ilikuwa pale. Lakini makofi yalikuwa makubwa, na kinywa chake, kile kinywa tunachokijua sasa, kikajifunga tena. Vidole ndivyo vikarudisha mikro kwenye chuma chake, vikaenda vyenyewe kwenye nyuzi.

Akaanza wimbo ya tisa. Gitaa ikashuka polepole, kama mutu anayeshuka katika shimo na kamba kiunoni. Salle ikasikiliza, ama ikajifanya inasikiliza. Boss Ulrich alikuwa anatikisa kichwa, na alikuwa anatikisa vibaya, mbele ya wakati wake. Ikafika pale pa kuita jina.

Zagabe akafungua kinywa, na jina halikutoka.

Hakuweza. Akiliita, anamupa yule wa fotei. Akaacha kamba moja inalia peke yake, na mahali pa jina pakabaki shimo tupu.

Katika shimo lile sauti ikatoka mustari wa tatu.

— Philémon!

Domitille alikuwa amesimama. Akatembea katikati ya viti, mikono imefunguliwa, akiita mara ya pili, mara ya tatu. Akafika mbele ya fotei, akapiga magoti, akashika miguu ya Boss Ulrich.

— Bwana yangu! Umerudi! Kumbe hukufa!

— Mama, achia kiatu yangu.

— Miaka kumi na moja, Philémon! Watoto wako wane wamekomaa hawajui sura yako! Mama yako kule Mudaka, kila siku anaweka sahani yako! Simama twende nyumbani!

Georgette akageuka polepole.

— Ulrich. Huyu mwanamuke ni nani?

— Simujui!

— Anajua jina yako ya batisimu. Mimi niko bibi yako miaka makumi mbili, njo naisikia leo.

Kicheko kikaanza kwenye madirisha. Kikashuka kwenye viti. Adalbert akarukia mikro.

— Wapendwa, munaona! Ni teatre! Ni sehemu ya kazi! Sanaa inaingia katika maisha!

— Wewe ulikula naye mbuzi, — Domitille akamwambia bila kugeuka. — Hakukuambia kama iko na bibi?

Adalbert akashuka kwenye mikro kama aliyechomwa.

— Mama, sikiliza vizuri, — Boss Ulrich akasema, na jasho lilikuwa linashuka chini ya miwani. — Umekosea. Mimi siko bwana yako.

— Namna gani? Wimbo si yako? Umesema mbele ya batu bote wimbo ni yako. Philémon wa ile wimbo ni bwana yangu. Huwezi kutwaa jina uache bibi! Utatwaa na bibi, na watoto, na mama mukwe, na nyumba yenye paa inavuja. Shemegi Zagabe! Si huyu njo mudogo yako?

Muji wote ukageuka kumuangalia Zagabe.

Hapo ndipo Zagabe alipoona njia. Domitille alikuwa amemufungulia mulango, na yeye hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kupita. Akavuta hewa.

— Mudogo yangu Philémon alipenda ugali ya muhogo na sambaza, — akasema katika mikro. — Boss, ukiwa ni wewe, karibu. Domitille ameleta beseni.

Watu wakalia kwa kicheko! Mama mumoja akaanguka kwenye benchi. Kwaya, ile iliyosimama ya kwanza, ikakaa ya kwanza. Na Domitille hakuachia kile kiatu.

— Nionyeshe mukono yako, Philémon, niibusu!

— Angalia basi! — Boss Ulrich akasimama, akatoa mukono wake wa kushoto, akaunyosha mbele ya salle yote, na hasira ikamutoa akili. — Angalia, mujinga weye! Iko na vidole tano! Bwana yako alikuwa na vidole tatu kwa ile mukono! Tatu! Mimi na yeye wapi na wapi?

Kicheko kikaendelea kidogo, kama gari isiyo na freni. Kisha kikapunguka. Kisha kikaisha, benchi kwa benchi, mupaka ikasikika grupe ya parokia inayokoroma inje.

Domitille akaachia kiatu. Akasimama. Hakuwa tena na sauti ya mutu anayecheza teatre.

— Bwana yangu alitoka ku nyumba na vidole kumi.

Boss Ulrich bado alikuwa ameinua mukono. Akauangalia kama si wake.

— Alikuwa mupigaji wa gitaa, — Domitille akasema. — Kumi. Siku ile gari ilimubeba kwenda Mwenga, nilivishika. Sasa nakuuliza na heshima, Boss. Vile viwili, alivipoteza lini? Na wewe ulivihesabia wapi?

— Batu... batu wanaongea. Nilisikia ku wimbo.

— Ku wimbo haiko, — akasema Zagabe.

Mara hii kinywa chake hakikumuuliza ruhusa. Akashuka na gitaa yake, akapita katikati ya watu, nao wakamufungulia njia. Akafika kwenye mulango mukubwa wa salle, akaufunga, akaweka kiti, akakaa. Akapiga ile kamba moja aliyoiacha. Na akaliita jina, kwa sauti ambayo hakuwahi kuipata hata kule Kasha kati ya magodoro:

— Philémon!

Mara ya kwanza. Zilibaki sita.

Adalbert alikuwa anatafuta mulango mwingine. Hakukuwa na mwingine. Boss Ulrich alikuwa anatafuta uso wa mutu mumoja wa kumusaidia, lakini hata yule baba wa kuinamisha kichwa alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Georgette, — akasema, — simama tuende.

Georgette akasimama. Akatoa miwani. Macho yake yalikuwa mekundu ya kilio, na si kilio cha leo. Akainama kwenye fotei, akabandua ile karatasi ya PAPA PHILÉMON, akaikunja vizuri katika nne, akaenda kuiweka katika mukono wa Domitille.

— Mama, yeye hatakuambia, — akasema. — Niulize mimi. Ni mimi nilimufunga kidonda cha ile mukono.